Zamu ya Nani Usiku Huu? Askari wa Kujitolea na Ulinzi wa Miji Yetu



Wengi wetu tunaokaa Deira tunapita karibu na ngome ya Naif kila wiki, tukienda sokoni au tukirudi, na si wengi tunaosimama kuitazama. Ngome ile ilijengwa mwaka 1939. Tarehe 1 Juni 1956 ikawa makao ya Polisi wa Dubai, na siku hiyo kikosi kizima kilikuwa cha watu 29. Ishirini na tisa tu, kwa mji wote wa pande mbili za khori. Mwaka 1973 makao makuu yalihamishwa, na baadaye ngome ikafanywa makumbusho ya polisi.

Lakini kabla ya hao 29, nani alikuwa akiulinda mji? Mtawala alikuwa na askari wake, masoko yalikuwa na walinzi wao wa usiku waliolipwa na wafanyabiashara, na kila mtaa ulikuwa na macho yake. Hali haikuwa tofauti sana Unguja, Lamu wala Mombasa ya zamani. Polisi wa serikali, mwenye sare, nambari na mshahara mwisho wa mwezi, ni jambo la juzi. Kabla yake ulinzi ulikuwa zamu, na hata baada yake, kama tutakavyoona, serikali zetu zimekuwa zikirudi kwenye zamu kila mara fedha zinapopungua au hatari inapozidi.

Tumeamua kuandika habari hizi kwa sababu ya jambo linalowagusa wengi wenu, hasa ninyi wenye nyumba Tabata, Kimara, Mbezi, Mbagala na kwingineko Dar es Salaam, na wazee wenu wakiwa wamelala ndani ya nyumba hizo. Nalo ni mchango wa ulinzi. Ujumbe unakuja kwenye simu: mtaa umeamua kuimarisha ulinzi shirikishi, kila kaya itoe mtu wa doria, na kaya isiyokuwa na mtu itoe fedha. Sisi tulio huku hatuna mtu wa kumtoa, kwa hiyo tunatuma fedha. Tunatuma kwa nani? Vijana wanaozunguka usiku na marungu kwenye milango ya mama zetu wamechaguliwa na nani, wanaapa kwa nani, na wakikosea wanashtakiwa wapi? Si maswali mapya. Yameulizwa Nairobi, Shinyanga na London, na majibu yake yamegharimu watu.

Tuanze na Waingereza, maana wao ndio waliotuletea karatasi. Mwaka 1831 Bunge lao lilipitisha sheria ya askari maalumu, yaani raia wa kawaida anayeapishwa kuwa polisi kwa muda pale inapohofiwa kwamba fujo zitatokea. Sheria ile iliwapa mahakimu uwezo wa kuwateua watu, na aliyeteuliwa akikataa bila sababu alitozwa faini. Tangu mwanzo basi neno kujitolea lilikuwa na kamba mguuni. Tarehe 10 Aprili 1848 wafanyakazi wa vuguvugu la Chartist walipotaka kuandamana London kudai haki ya kura, makumi ya maelfu ya raia waliapishwa na kupewa virungu. Mmoja wao alikuwa mkimbizi wa Kifaransa aitwaye Louis Napoleon, ambaye miaka michache baadaye alikuwa Mfalme Napoleon wa Tatu. Hatuisemi habari hii kwa kuchekesha tu. Wenye mali waliapishwa ili wawazuie wasio na mali, na sura hiyo ya askari wa kujitolea ndiyo iliyosafiri ikafika Afrika Mashariki.

Kenya ilianzisha polisi wa akiba, Kenya Police Reserve, mwaka 1948. Mpango wake kwenye karatasi ulikuwa safi, na sisi tuliosomea uhandisi tunaupenda mpango safi. Mtu wa akiba ana kazi yake ya kila siku, shamba au duka au ofisi. Ameorodheshwa, amepewa mafunzo, anakuwa chini ya afisa wa polisi wa eneo lake. Akiitwa kazini anakuwa na uwezo uleule wa askari wa kawaida na wajibu uleule, na wito ukiisha anarudi kwenye shughuli zake. Ni kama jenereta ya akiba katika jengo: siku zote imezimwa, umeme ukikatika inawaka, umeme ukirudi inazimwa. Kila fundi wa jenereta lakini anajua mambo mawili. Jenereta isiyowashwa kwa majaribio haitawaka siku ya haja, betri itakuwa imekufa. Na swichi ya kuizima ni muhimu kuliko ile ya kuiwasha.

Kenya ilipata swichi ya kuwasha Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Kikosi cha akiba kilitanuka ghafla, na waliojaa ndani yake, hasa kwenye vyeo, walikuwa walowezi wa Kizungu, watu waliokuwa na mashamba yaleyale yaliyokuwa chanzo cha ugomvi. Walikuwa hata na ndege. Kikosi chao cha anga, chenye ndege ndogo aina ya Piper Pacer, kiliruka kutoka Mweiga karibu na Nyeri, kikipeleleza msituni na kudondosha mabomu madogo. Pembeni walikuwapo homugadi wa Kikuyu, raia wengine waliopewa silaha, ambao habari zao zingehitaji makala nzima. Ukiukaji wa haki uliofanyika miaka ile ulikaa kwenye mafaili kwa zaidi ya nusu karne, mpaka wazee wa Kenya walipofungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama. Si yote yaliyodaiwa pale yalitendwa na polisi wa akiba, la hasha. Lakini mlowezi anayemhoji mfanyakazi wake mwenyewe, huku amevaa sare ya serikali, ni mtu ambaye ugomvi wake wa binafsi umegeuzwa kuwa amri.

Uhuru ulipokuja, kikosi hakikuvunjwa. Nairobi iliendelea kuwa na polisi wa akiba, wengi wao watu wenye nafasi, walioingia doria usiku na mchana wakarudi kwenye kazi zao. Aliyejulikana kuliko wote ni Patrick Shaw, Mzungu mwenye mwili mkubwa ajabu, msimamizi katika shule ya Starehe ambako watoto maskini walisomeshwa. Mchana alikuwa Starehe, usiku alikuwa ndani ya gari lake jeupe la Volvo akiwasaka majambazi, na kazi hiyo ya pili hakulipwa mshahara. Waliokulia Nairobi miaka ya 1970 na 1980 wanajua jinsi jina lake lilivyokuwa likitajwa kwa sauti ya chini. Wako waliomshukuru kwa sababu duka lao halikuvunjwa, na wako waliosema kwamba huyu alikuwa polisi, hakimu na mnyongaji ndani ya gari moja. Alifariki mwaka 1988. Tumesikia hoja zote mbili mara nyingi katika mabaraza ya hapa Dubai, na kwa maoni yetu zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Ndipo ulipo ugumu wake.

Kikosi cha mjini hakikudumu. Malalamiko ya rushwa na ya bunduki zilizotembea bila kuhesabiwa yalizidi, na mwaka 2004 polisi wa akiba wa mijini kwa sehemu kubwa wakavunjwa. Waliobaki ni wa kule ambako askari wa kawaida hafiki: Turkana, Samburu, Baringo, Marsabit na mipaka ya kaskazini. Huko polisi wa akiba ni kijana mfugaji aliyekabidhiwa bunduki ya serikali alinde ng'ombe wa jamaa zake. Kwa miaka mingi hakuwa na mshahara. Uchumi wa jambo hilo uko wazi: mtu mwenye bunduki na njaa atatafuta wa kumlipa. Mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka 2012, baadhi yao walipata kazi ya kulinda kambi za utafiti, na vijiji vyao vikabaki wazi.

Mwaka huohuo, Novemba 2012, polisi zaidi ya arobaini waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, walipokwenda kuwasaka wezi wa mifugo, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo polisi wa akiba. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ilikuwa imeshawapa jina jipya, National Police Reserve, na kuwaweka chini ya Inspekta Jenerali. Mwaka 2019 wengi walinyang'anywa silaha ili wapigwe msasa, malalamiko ya wizi wa mifugo yakapanda, na miaka iliyofuata serikali ikaanza kuwaandikisha na kuwapa silaha upya. Washa, zima, washa tena.

Tanzania ilipita njia nyingine, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndiyo njia iliyotufikisha kwenye ujumbe wa simu.

Novemba 1970 Wareno walivamia Guinea kujaribu kumwangusha Sékou Touré, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, jirani yetu wa mlango wa pili. TANU ikaona hatari, na Mwongozo wa 1971 ukasema kwamba ulinzi wa taifa ni kazi ya wananchi wote, wala si ya jeshi peke yake. Ndipo lilipotokea jeshi la mgambo. Mkulima, karani, mfanyakazi wa kiwanda, wote walikwenda kiwanjani alasiri kujifunza kwata na shabaha. Mwaka 1975 sheria iliwapa wanamgambo uwezo wa kukamata wahalifu, na kuanzia hapo mgambo akawa na mguu mmoja jeshini na mmoja polisi. Mafunzo yake hata leo yanasimamiwa na jeshi, kupitia mshauri wa mgambo wa wilaya, lakini anayemtumia ni halmashauri. Wasomaji waliowahi kuuza machungwa au mitumba Kariakoo wanawajua mgambo wa jiji vizuri kuliko tunavyoweza kueleza sisi.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliwapeleka wanamgambo kwa makumi ya maelfu kwenye mstari wa mbele. Vita vikaisha, hazina ikawa tupu, maduka yakawa matupu, na silaha zikaenea mitaani na maporini. Wizi wa ng'ombe katika Usukuma na Unyamwezi ukageuka kuwa wizi wa bunduki. Polisi walikuwa wachache, gari halina mafuta, na mwizi aliyekamatwa Jumatatu alionekana sokoni Alhamisi.

Kati ya 1981 na 1982, katika maeneo ya Kahama na mpakani mwa mikoa ya Shinyanga na Tabora, wanakijiji walijipanga wenyewe. Ndio Sungusungu. Jina ni la wale siafu weusi wanaouma, na atakayekanyaga njia yao anajua. Muundo wao haukutoka kwenye kitabu cha serikali. Kila kijiji kilikuwa na kiongozi aliyeitwa ntemi, cheo cha watawala wa jadi ambacho serikali ilikuwa imekifuta baada ya uhuru, na chini yake makamanda na katibu wa kuandika. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale, mawasiliano yao yalikuwa filimbi na yowe. Yowe likipigwa kijiji cha kwanza, cha pili kinalipokea na kulipitisha, vijana wanafunga njia na vivuko, na mwizi mwenye ng'ombe hana pa kupita kwa sababu ng'ombe hawakimbii kuliko sauti. Kwa wale wa fani yetu, huo ni mtandao wa mawasiliano usiotumia hata waya mmoja, na kila mtu mzima ni kituo.

Adhabu nayo haikuwa kifungo, maana hawakuwa na jela. Mkosaji alitozwa ng'ombe. Akikataa, kijiji kizima kilimtenga: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kumsaidia kuzika. Kwa mkulima asiye na mwenzake, hiyo ni adhabu nzito kuliko mwaka mmoja wa mahabusu. Na aliyekataa kuja kwenye zamu alitozwa vilevile.

Wizi ulipungua, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini palikuwa na upande mwingine, na tusiufiche kwa ajili ya kuwasifu. Sungusungu waliwahukumu watu kwa minong'ono. Waliohisiwa kuwa wachawi, hasa bibi vizee, waliteswa, wakafukuzwa, wengine wakauawa. Hapakuwa na rufaa. Polisi na mahakama walinung'unika kwamba hii ni serikali ndani ya serikali, na baadhi ya Sungusungu wakashtakiwa. Chama kwa upande wake kiliwaona kuwa ni wananchi wanaojilinda, jambo ambalo Mwongozo ulikuwa umelihubiri. Mvutano huo ulidumu miaka kadhaa, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili Sungusungu wapate uwezo wa kukamata kama wanamgambo. Kitu kilichozaliwa bila ruhusa kikapewa cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo Sungusungu walipoingia mjini. Mwaka 1990 Augustino Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani, alihimiza vikundi hivyo vianzishwe mitaani nchi nzima, na Dar es Salaam ikaanza zamu. Muundo ulishikizwa kwenye ngazi zilizokuwapo. Chini kabisa alikuwa balozi wa nyumba kumi, mfumo wa TANU tangu miaka ya 1960, juu yake tawi na kata. Balozi aliwajua watu wake kwa majina, na mgeni wa kulala aliandikwa. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja, usiku mmoja katika mzunguko, akiwa na rungu, filimbi na kurunzi. Wakubwa waliokuwa na kazi asubuhi walilipa ili watu wengine wawashikie zamu. Vijana wasiokuwa na kazi walifurahi, maana walipata posho.

Basi kufumba na kufumbua zamu ikawa ajira, na hapa pana somo la mitambo: mfumo uliobuniwa kwa sehemu moja hauhamishiki mzimamzima kwenda sehemu nyingine. Kijijini Kahama anayekulinda ni mtoto wa shangazi yako. Anajua ng'ombe wako kwa rangi, na akikosea mama yake ataulizwa kisimani. Manzese anayekulinda amehamia mwaka jana, na wewe ulihamia mwaka juzi. Yule wa kijijini anaogopa kutengwa, na wa mjini atakuogopesha nini, wakati hata hamsalimiani? Kilichobaki kumfunga ni posho, na posho inategemea michango, na michango baada ya miezi michache huanza kuchelewa. Vikundi vingi vya Dar es Salaam vilififia ndani ya miaka michache. Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992 balozi wa nyumba kumi naye akabaki kuwa mtu wa chama kimoja, na jirani wa chama kingine hakuona kwa nini amwandikishie wageni wake.

Mambo ya kustaajabisha hayaishi: Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, iliuchukua mfumo uleule wa Nyumba Kumi, kwa jina lake la Kiswahili, na kuuanzisha Nairobi na kwingineko. Sungusungu nao walikuwa wamevuka mpaka zamani. Waliingia kwa Wakuria wa Kenya mwaka 1998 na wakasaidia dhidi ya wezi wa ng'ombe. Kisii jina hilohilo lilibebwa na vikundi vilivyotisha raia na kuua.

Neno jenyewe la kujitolea limepata safari ya ajabu huko Zanzibar. Miongoni mwa idara maalumu za Serikali ya Mapinduzi, pamoja na JKU, KMKM, Mafunzo na Zimamoto, kipo Kikosi cha Valantia. Jina ni la mtu aliyekuja kwa hiari yake, lakini askari wake ni waajiriwa wa serikali wenye mshahara na vyeo. Tunalitaja bila kejeli. Tukitaja Zanzibar tunajua pia kwamba tunagusa kidonda cha wasomaji wetu kadhaa, wenye wazee waliokimbilia pwani hizi za Ghuba baada ya Januari 1964. Lipo jambo moja katika habari za miezi ile ambalo ni la mada yetu. Serikali ya 1963 iliwaondoa katika polisi askari wengi wenye asili ya bara, kwa kuwa haikuwaamini. Wakatoka na mafunzo yao, wakiijua Ziwani na ghala lake la silaha kama wanavyojua vyumba vyao, na baadhi yao walikuwamo usiku wa kuamkia tarehe 12. Mengine ya siku zile wapo wenye haki zaidi ya sisi ya kuyasema. Sisi tunaona tu kwamba kumvua mtu sare hakumsahaulishi alichofundishwa, na wanaoandikisha vijana wa mitaa leo na kuwaacha kesho wangefaa kulikumbuka.

Turudi Dar es Salaam. Mwaka 2006 Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, jeshi lake lilianzisha Polisi Jamii, na zamu za mtaa zikarudi kwa jina jipya la ulinzi shirikishi. Safari hii mpango una mwenyekiti wa mtaa na kamati yake ya ulinzi na usalama, na polisi wa kata anayepaswa kuwafahamu walinzi, kuwafundisha na kupokea wanaowakamata. Walinzi wazuri wana vitambulisho na daftari la zamu: nani ameingia, saa ngapi, amekamatwa nani, amekabidhiwa kituoni kwa nani. Pale daftari linapoandikwa, kazi inakwenda.

Msingi wa yote ni lile neno kukabidhi. Kijana wa doria ana uwezo wa kukamata, hana uwezo wa kuhukumu. Fikirini sasa saa tisa za usiku. Mtu amekutwa ndani ya uwanja wa nyumba, pengine ni mwizi, pengine ni mlevi aliyepotea mlango. Yowe limepigwa, watu wametoka na mapanga, na tairi na petroli haviko mbali. Magazeti yetu yana maneno yao ya kudumu kwa habari hiyo, "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ile haina majina wala anwani. Kati ya mtu yule na moto wamesimama vijana wanne wenye marungu. Wakiwa wamefundishwa na polisi wa kata anapokea simu, mtu yule atafika kituoni akiwa hai, na asubuhi itajulikana kama ni mwizi. Wakiwa hawajafundishwa, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kupiga. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mchango wetu unainunua, au hauinunui.

Hapa Dubai tunalala bila kufikiria haya. Polisi wa hapa wana nambari 999 ya dharura na 901 kwa mengineyo, na wana hata huduma iitwayo kwa Kiarabu Kulluna Shurta, yaani sote ni polisi, ambayo mkazi anaitumia kupitia programu ya simu kuripoti ukiukaji wa sheria barabarani. Mtu anaripoti, afisa anapitia, afisa ndiye anayeamua. Raia hapewi rungu. Wako wanaotuambia tuupeleke mtindo huo nyumbani kama ulivyo, nao wanasahau kwamba nyuma ya programu ile kuna gari litakalokuja. Mama yetu wa Mbagala akibonyeza simu, gari litatoka wapi?

Kwa hiyo zamu zitaendelea, na sisi tusiokuwapo tutaendelea kulipia. Aliyeko nje analipa zaidi ya jirani na anajua kidogo kuliko jirani, nayo si hali nzuri kwa mlipaji yeyote. Katika kikundi chetu cha wenye nyumba wa mtaa mmoja, hapa na Sharjah, tumekubaliana tangu mwaka jana kwamba kabla ya kutuma tuulize mambo machache: majina ya walio kwenye zamu, kama polisi wa kata anawatambua, daftari linawekwa wapi, na posho inalipwa siku gani, kwa sababu mlinzi aliyekaa miezi miwili bila posho anajulikana atajilipa kwa njia gani. Hatukuuliza kwa ubaya. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mwungwana, alitujibu kwa simu kwamba vijana wote ni wa palepale na wanafahamika.

Tulimwomba atuandikie majina. Mchango wa mwezi huu umekwenda kama kawaida, wazee wasibaki bila mlinzi, na hadi toleo hili linakwenda mitamboni majina hatujayapata.